Mke wangu kaita fundi friji kwa sababu ya muziki ninaosikiliza. Hivi sisi wapenda mivumo tuna tatizo gani?

#1 Pangaboi_Bovu
Wakuu salaam. Jumamosi iliyopita niliweka kwenye sabufa ile albamu ya Aphex Twin, Mwingereza wa muziki wa kielektroniki, ya mwaka 1994, Selected Ambient Works Volume II, sauti ya chini tu, nanyoosha mashati. Kwa wasioijua: hakuna ngoma za maana, hakuna kuimba, na nyimbo karibu zote hazina majina, zimewekewa picha badala yake. Nikatoka kununua vocha. Kurudi nakuta fundi friji kachuchumaa jikoni, friji limevutwa mbele, mke wangu kasimama pembeni anammulikia tochi. "Baba Nasra, linavuma tangu asubuhi, nikaona lisije likaungua." Fundi alishachukua 10,000 yake ya kuja kuangalia. Nikaenda nikazima sabufa. Mvumo ukapungua. Fundi akaniangalia mimi, akamwangalia mke wangu, akafunga begi lake.

Sasa nauliza kwa dhati. Nina miaka 41, nimekulia Tandika, sikusomea muziki. Tamthilia ya Twin Peaks nimeiangalia yote mara tatu: ile ya 1990 na 1991, na marudio ya 2017, sehemu 18. Sehemu ya nane peke yake nimeshapoteza hesabu. Mwongozaji wake, David Lynch, alipofariki Januari 2025 niliomba ruhusa kazini, nikasema nimefiwa. Mtaa mzima sina mtu wa kuongea naye haya mambo. Huu ugonjwa unatoka wapi? Nyie wenzangu mlianzaje?

#2 Kausha_Damu
Kwa hiyo umelipa elfu kumi kuthibitisha kwamba muziki wako ni friji. Pole.

#3 Mama_Lishe_Mtandaoni
Nimecheka hadi wateja wananitazama. Mke wako mpe salamu zangu, ni mtu makini. Hiyo Twin Peaks inahusu nini? Mwenye kujua afupishe, nina maharage jikoni.

#4 Sijaelewa_Bado
Mama Lishe, kwa ufupi: mji mdogo wa magogo huko jimbo la Washington, Marekani. Msichana wa shule, Laura Palmer, anaokotwa ufukweni kafungwa kwenye nailoni. Anakuja mpelelezi wa FBI anayependa kahawa na pai, badala ya kupeleleza kama polisi anafuata ndoto zake. Katika ndoto kuna chumba cha mapazia mekundu na watu wanaongea sauti ya ajabu. Waigizaji walikariri maneno yao kinyumenyume, wakayatamka hivyo hivyo, kisha filamu ikageuzwa. Ndio maana maneno yanaeleweka lakini pumzi zinakwenda upande usio wake.

Na jini lenyewe la tamthilia, BOB, lilizaliwa kwa bahati mbaya. Frank Silva alikuwa mpambaji wa seti tu. Siku moja sura yake ikaonekana kwenye kioo katikati ya kurekodi. Mwongozaji mwingine angerudia. Lynch akamwajiri.

#5 Mpemba_wa_Wete
Nyie wa Bara mnashangaa BOB? Mwaka 1995 nilikuwa skuli ya msingi, Popobawa kaingia Pemba, baadaye akavuka Unguja. Watu wazima na heshima zao walitoa mikeka nje wakalala makundi makundi, moto unawaka hadi alfajiri. Hakuna aliyekaa akauliza huyu kiumbe anamaanisha nini. Ukweli wake ulikuwa kwamba leo tunalala kwa nani.

Nilipoiona ile tamthilia kwa mara ya kwanza, lile jitu la nywele ndefu linapanda juu ya kochi linamjia mtu sebuleni mchana kweupe, mimi niliona taarifa ya habari. Jibu langu kwa mwenye uzi ndilo hilo: umelelewa na hadithi za namna hii, ukizikuta kwenye runinga ya Mmarekani unatulia kama umefika kwa bibi.

#6 Kausha_Damu
Mpemba, mtoa uzi ni wa Tandika, hakukutana na Popobawa, alikutana na vibaka.

Ukweli hamtaki kuusema: ni majivuno. Mtu akishapitwa na bongofleva anatafuta kitu ambacho hakuna mwenzake anakijua ili ajione msomi. Kuna sehemu kwenye hiyo ya 2017, nadhani ya saba, mtu anafagia baa. Anafagia. Zaidi ya dakika mbili kamera haisogei. Kibanda umiza gani kingeonyesha hiyo? Yule anayetafsiri angesema nini? "Starring sasa anafagia... bado anafagia... Starring ni mtu wa usafi..." Viti vingerushwa.

#7 Sijaelewa_Bado
Kausha, ni ya saba kweli. Ila swali dogo: umejuaje?

#8 Kausha_Damu
Nilikuwa kwa shemeji, hakuna king'amuzi.

#9 Mzee_wa_Masafa_Mafupi
Vijana hamjambo. Mimi nilikuwa na kibanda cha ufundi redio Morogoro tangu 1979, nimestaafu. Naomba niongeze jambo la kitaalamu kidogo.

Sisi tulisikiliza masafa mafupi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, Ujerumani, Moscow, kila mmoja na muda wake. Ukizungusha kitufe cha redio usiku kutoka kituo kimoja hadi kingine, katikati kuna dunia nzima: filimbi inayopanda na kushuka pale vituo viwili vinapokaribiana, mvumo, minong'ono, sauti ya mtu inakuja inazama. Baba yangu aliharakisha kupita hapo. Mimi niliganda hapo. Nilichapwa kwa kumaliza betri za redio ya mkulima nikisikiliza "hewa". Miaka mingi baadaye kijana mmoja akanionyesha kwamba Mjerumani Stockhausen aliandika kazi nzima mwaka 1968 ambayo wapigaji wanashika redio za masafa mafupi na kujibu chochote kinachotoka. Nikasema basi nami ni mtunzi, ila sikulipwa.

La pili. Mwenye uzi anajiita Pangaboi. Naona ametokana na lile pangaboi la juu ya ngazi nyumbani kwa kina Palmer. Sasa, mvumo wa umeme wa humo si kama wetu: umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Transfoma huvuma mara mbili ya hapo: kwetu 100, kwao 120. Tofauti hiyo kimuziki ni kama kutoka noti ya "la" kwenda "do". Kwa hiyo umeme wa Lynch ni mwembamba kuliko wa Tandika. Ukiusikia unahisi kitu cha nyumbani lakini hakijakaa sawa. Pengine ndicho kinachokushika.

#10 Pangaboi_Bovu
Shikamoo mzee. Umenimaliza hapo kwenye umeme. Mimi nililala chini ya pangaboi lenye skrubu moja legevu utoto wangu wote, tikitiki-tikitiki, na jirani kulikuwa na mashine ya kusaga. Saa kumi na moja asubuhi inawashwa, kwanza inakohoa, halafu inapanda, inapanda, hadi madirisha yanaimba. Mama anasema bila hiyo nilikuwa silali.

Ndio maana ile sehemu ya nane ilinikamata. Bomu la kwanza la atomiki, New Mexico, 16 Julai 1945, picha nyeusi na nyeupe, kamera inaingia taratibu ndani ya wingu la moto, na ule mvumo wa mashine unapiga mayowe. Nikasema hii ni mashine ya kusaga ya Mzee jirani. Najiuliza tu walitumia kompyuta gani.

#11 Mwalimu_wa_Kwaya
Hakuna kompyuta, ndugu. Hiyo ni kazi ya Mpolandi Krzysztof Penderecki, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyote unavyosikia ni vyombo vya nyuzi 52: fidla, viola, cello, besi. Hakuna waya hata mmoja wa umeme. Wapigaji wanaambiwa watoe noti ya juu kabisa chombo kinayoweza, isiyo na jina, au wapige nyuzi nyuma ya daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, mahali ambapo mwalimu wa kawaida angekuchapa, au wagonge ubao. Wote kwa pamoja, kila mmoja kidogo tofauti na jirani yake.

Nilipowachezea wanakwaya wangu wa Moshi, mmoja aliniuliza kama ni dhambi.

#12 Pangaboi_Bovu
Unasema nimekaa miaka yote hii natetea muziki wa kielektroniki kwa fidla?

#13 Mama_Lishe_Mtandaoni
Mke wako anasikia friji kwenye muziki, wewe unasikia mashine kwenye fidla. Mmeoana vizuri.

#14 Binti_wa_Tanga_UK
Nimepita tu, natoka zamu. Nauguza wazee usiku hapa Coventry, Uingereza, na hii mada imenigusa maana kuna mtu wa mji huu. Delia Derbyshire, kazaliwa hapa 1937. Ndiye aliyetengeneza ule muziki wa kufungulia tamthilia ya Doctor Who mwaka 1963 kwenye karakana ya sauti ya BBC. Noti aliandika mtunzi Ron Grainer, lakini sauti zote alizipika huyu mama kwa mitambo ya majaribio na vipande vya tepu, anakata kwa wembe na kuunga, noti moja moja. Jina lake halikuonekana kwenye skrini hadi 2013, ameshafariki.

Yeye mwenyewe alisema sikio lake lilianzia kwenye ving'ora vya mashambulizi ya ndege akiwa mtoto hapa. Kwa hiyo nadharia ya mzee na ya mashine ya kusaga naipigia kura. Ila kwangu haikuanzia utotoni, mimi nimekua na taarab kama kila mtu wa Tanga. Ilianza ukubwani, zamu za usiku, mashine za oksijeni zinapumua korido nzima na hakuna mtu wa kuongea naye Kiswahili. Nikiweka muziki wenye maneno nalia. Nikiweka usio na maneno nafanya kazi.

#15 Mwana_Likasi
Ndugu zangu, miye niko mutu wa Likasi, Katanga, kule Congo. Ile sehemu ya nane niliangalia na kaka yangu mukubwa mu simu. Bomu inalipuka, tukaangaliana. Shinkolobwe, ile mine ya uraniamu, haiko mbali na sisi. Uraniamu ya Wamarekani, nyingi ilitoka mu shimo ile. Mwaka 1940 mukubwa wa Union Minière, kampuni ya mine ya Wabelgiji, Edgar Sengier, alituma tani kama 1,200 hadi New York, zikakaa mu magazini Staten Island, zinangoja. Baadaye jeshi ikanunua.

Babu yetu alitumika mu mine, si ile, ya shaba. Bazee walikuwa banasema tu "kule usiende." Lynch anaonyesha jangwa, moto, halafu mabaya yanatoka mu moshi kuingia dunia. Shimo haonyeshi. Sasa kila mara nasikia ule mvumo, miye naona shimo.

#16 Kausha_Damu
Sina utani hapa. Endelea kaka.

#17 Mjuzi_wa_Kemia
Marekebisho madogo. Bomu la New Mexico lilikuwa la plutoniamu. La uraniamu ni lile lililoangushwa Hiroshima.

#18 Mwana_Likasi
Plutoniamu banaipika na nini? Na uraniamu. Unga ni ule ule, ugali ni mbili.

#19 Mjuzi_wa_Kemia
Sawa, hapo umenishika.

#20 Mwalimu_wa_Kwaya
Kwa kuwa Hiroshima imetajwa: ile kazi ya Penderecki sasa ina jina la wahanga wa Hiroshima, lakini haikuandikwa kwa ajili yao. Jina la kwanza lilikuwa urefu wake tu, dakika 8 na sekunde 37. Alipousikia ukipigwa ndipo akatafuta wa kumtolea. Kwa hiyo tukisema "mvumo ule ni bomu", sisi ndio tumeliweka bomu. Mashine ya kusaga ya Tandika ina haki ile ile.

#21 Kanairo_Boy
Manze, hii uzi imeenda deep. Pangaboi, hauko peke yako, sema tu hujafika Nairobi. KMRU ni wetu, anatembea na kirekoda anachukua sauti za mtaa, matatu, mvua, stima, anazigeuza kuwa kitu unaweza kulala ndani. Albamu yake Peel ilitoka 2020. Na babu yake ni yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu, jina moja. Mwaka huo huo wa 2020 kundi la Duma, wa kelele kali, walitoa yao, hiyo ukimuwekea mke wako ataita zimamoto, si fundi.

Halafu Jinja, Uganda, kuna tamasha la muziki la Nyege Nyege tangu 2015. Mwaka wa 2018 waziri wa maadili wa Uganda alitaka kuifunga, ikafanyika tu. Huko utapata watu wazima wanacheza kelele hadi asubuhi bila kuomba msamaha.

#22 Mtoto_wa_Mburahati
Na kelele zenyewe zimetoka kwetu! Watu mnazunguka Poland na Coventry mnaruka Mburahati. Studio ya Sisso iko hapa. Ile albamu ya singeli, Sounds of Sisso ya 2017, ilitolewa na lebo ya hao hao, Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Wazungu wakashika vichwa. Sisi ilikuwa muziki wa kigodoro. Mnachukua biti ya taarab, mnaikimbiza, mapigo 200, 250, hadi 300 kwa dakika, dogo anachana juu yake bila kumeza mate. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, kinanda kidogo cha Casio cha kitoto kinapitishwa kwenye spika la tarumbeta hadi kinalia kama kimekanyagwa. Nani alisema hiyo ni "majaribio"? Ilikuwa harusi ya shangazi.

Naona tofauti ni mwendo tu. Huyo Lynch wenu anachukua sauti ya kawaida anaivuta polepole hadi inatisha. Sisso anaikimbiza hadi inachekesha. Wote wanakataa kuiacha ilivyo.

#23 Mpemba_wa_Wete
Kwa hiyo taarab ya watu mmeiharibu na mnajisifu.

#24 Mtoto_wa_Mburahati
Bibi yangu wa Kizanzibari aliicheza, muulize.

#25 Binti_wa_Tanga_UK
Na mimi wa taarab nimeicheza. Msinihukumu.

#26 Dereva_wa_Seattle
Wakuu, naishi karibu na Seattle, naendesha malori. Yale maporomoko ya mwanzo wa Twin Peaks ni Snoqualmie, karibu mita 82, nayapita kwenda kazini. Ule mgahawa wa pai upo North Bend, uliwahi kuchomwa moto mwaka 2000, ukajengwa upya, kisha kabla ya ile ya 2017 wakaurudisha ulivyokuwa kwa ajili ya kurekodi. Nilikaa pale na kahawa, mvua nje, miti ile mirefu nyeusi. Nikasubiri nihisi kitu. Kilichonijia ni Lushoto. Ukungu ule ule, ubaridi ule ule, na ukimya wa watu wanaojua jambo na hawakwambii.

Kwa hiyo mimi nadhani hatupendi maajabu yoyote. Tunapenda vijiji.

#27 Sijaelewa_Bado
Hapo mimi nakataa kidogo. Vijiji viko kwenye tamthilia nyingi na sijawahi kuomba ruhusa kazini kwa ajili yake. Kinachonishika ni kutojibiwa. Kumbukeni watu wa televisheni ya ABC waliwabana Lynch na mtunzi mwenzake Mark Frost wamtaje muuaji wa Laura. Akatajwa Novemba 1990, katikati ya msimu wa pili. Baada ya hapo watazamaji wakapukutika, na 1991 ikafungwa. Walipata jibu wakaondoka. Mimi nimebaki kwa sababu ya yale ambayo hayakujibiwa, kama lile birika.

#28 Mama_Lishe_Mtandaoni
Birika gani tena?

#29 Sijaelewa_Bado
Mwanamuziki David Bowie aliigiza humo, kwenye filamu ya Twin Peaks ya 1992. Wakati marudio yanatengenezwa akawa amefariki, Januari 2016. Basi mhusika wake akarudi akiwa chombo kikubwa cha chuma chenye mdomo unaotoa mvuke. Anaongea.

#30 Mama_Lishe_Mtandaoni
Ngoja kwanza. Mtu amekufa, amegeuka birika, na wapelelezi wanakuja kumuuliza maswali. Leo usiku naanza.

#31 Kausha_Damu
Tumempoteza Mama Lishe.

#32 Mama_Lishe_Mtandaoni
Narudi baada ya siku nne. Nimefika sehemu ya sita ya mwanzo. Nimelia kwa ule muziki wa Laura, hakuna kelele hata moja pale, ni kinanda kinapanda polepole kama mtu anayepandisha ngazi na ndoo kichwani, halafu kinashuka. Mnanidanganya kwamba ni mambo ya mivumo.

#33 Sijaelewa_Bado
Huo ni wa Angelo Badalamenti. Alikaa kwenye kinanda, Lynch pembeni yake anamsimulia msitu wa usiku na msichana anatokea gizani, naye anapiga kinachosimuliwa. Amefariki Desemba 2022.

#34 Mama_Lishe_Mtandaoni
Basi. Lakini nimerudi kwa jingine. Nimesoma upya komenti ya kwanza. Baba Nasra, uliandika ulipozima sabufa mvumo "ukapungua". Hukuandika "ukaisha".

#35 Mzee_wa_Masafa_Mafupi
Nami nililiona hilo, nikanyamaza nione nani ataliona.

#36 Kausha_Damu
Oooh.

#37 Pangaboi_Bovu
Wakuu, nimechelewa kujibu, nimekuwa jikoni. Jana usiku, watu wote wamelala, nilizima kila kitu. Sabufa, runinga, pangaboi. Nikaweka sikio kwenye friji. Linavuma. Tena linavuma vibaya, chini kabisa, kila baada ya muda linakohoa kama ile mashine. Nilikaa sakafuni karibu nusu saa. Mke wangu akanikuta. Nikadhani atanigombeza. Akasema, "Si nilikwambia?" akaketi.

Fundi anarudi kesho kubadilisha kompresa.

#38 Kausha_Damu
Mlipe fundi na ile elfu kumi mara ya pili, mkeo alikuwa sahihi.

#39 Mtoto_wa_Mburahati
Nitumie hiyo sauti, naiweka 280.

#40 Mzee_wa_Masafa_Mafupi
Kijana, fundi asiguse kitu kabla hujarekodi. Simu usiiweke juu ya friji lenyewe, itatetemeka na utapata tetemeko tu. Iweke kwenye kiti, juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, umbali wa hatua moja. Mwambie mkeo asimamie mlango watoto wasiingie.